Labania na Kashata: Namna ya Kupika Nyumbani, za Utamu na za Chumvi

Ndugu wanachama, katika gazeti letu hili tumezoea kuzungumza juu ya miche, palizi, uchumaji na uanikaji. Leo twaingia jikoni, wala si kwa mchezo. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huja mwaka wa neema ukajaza majamvi, na huja mwaka ambao mtu hupanda mti mzima akashuka na pishi moja tu. Katika miaka hiyo ya pili nyumba nyingi hushikiliwa na shilingi ndogo ndogo zitokazo katika sinia ya vitamutamu. Basi sinia hiyo ikiharibika, iliyoharibika si sukari peke yake. Ni fedha ya daftari la mtoto na mafuta ya taa. Kwa hiyo yafaa tuijue kazi hii kwa sababu zake, tusiitegemee bahati.

Labania ni nini

Labania ni sukari na maziwa vilivyopikwa pamoja mpaka vikashikana, kisha vikakatwa vipande laini ambavyo huvunjika kinywani bila ya kutafunwa sana. Jamaa yake wa karibu ni kashata, ambayo ni sukari iliyoshika nazi au njugu. Halua si wa nyumba hiyo, ingawa wengi huiweka sinia moja nazo. Halua, ambayo wenzetu wa Oman nao ni mafundi wake wakubwa, hushikwa na wanga na samli. Labania hushikwa na chembe za sukari yenyewe. Ndiyo maana halua huvutika, na labania hukatika.

Wamarekani nao wana labania yao, waiitayo fudge. Bibi mmoja, Emelyn Hartridge, aliyesoma katika chuo cha wanawake cha Vassar, aliandika kwamba aliijua kwanza kutoka mji wa Baltimore, ambako mwaka 1886 iliuzwa dukani kwa senti 40 za Marekani kwa ratili. Akaipata namna ya kuipika, na mwaka 1888 akapika ratili 30 chuoni kwa ajili ya mnada wa wanafunzi. Ratili 30 ni zaidi ya kilo 13. Tazameni basi: kitu kilichopikwa katika sufuria ya kawaida kilifika mnadani, na sasa kinauzwa maduka mengi ulimwenguni. Wao hutia kakao na siagi; sisi twatia iliki na samli. Lakini kanuni ya moto na sukari ni moja, hapa na huko.

Sukari ikichemka hufanya nini

Maji matupu, katika visiwa vyetu vilivyo karibu na usawa wa bahari, huchemka katika nyuzi 100 za Selsiasi. Ukitia sukari ndani yake, shira huchemka katika joto lililozidi hapo. Kadiri maji yanavyotoka kwa mvuke, sukari huzidi nguvu na joto hupanda. Kwa hiyo joto la shira ni habari ya kiasi cha maji yaliyobaki ndani yake. Ikifika nyuzi 112 hadi 116, maji yamebaki machache sana, kiasi cha sehemu 15 katika 100. Hapo ndipo mahali pa labania. Ikifika nyuzi 120 hivi, ni mahali pa kashata ngumu kiasi. Ikifika nyuzi 150, ni peremende ya kuvunjika kama kioo. Ikizidi 160, sukari huanza kuwa nyekundu, kisha nyeusi na chungu.

Lakini joto ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni ukubwa wa chembe. Shira ikipoa, sukari hutaka kurudi kuwa chembe kama ilivyokuwa katika mfuko. Ukiikoroga ingali moto sana, huzaliwa chembe chache, nazo hukua zikawa kubwa. Ulimi huziona kama mchanga. Ukiiacha itulie mpaka ipoe, kisha ukaikoroga kwa nguvu, huzaliwa chembe nyingi mno kwa mara moja, zote ndogo, na ulimi hauzitambui. Huona ulaini tu. Hii ndiyo siri yote ya labania nzuri. Mafuta na maziwa husaidia pia, kwani hujiingiza kati ya chembe na kuzizuia zisikue. Asali nayo husaidia, maana sukari yake ni ya namna nyingine, nayo hutibua mpango wa chembe.

Kipimo cha kidonge

Mwenye kipimajoto cha jikoni na akitumie, lakini kwanza akijaribu katika maji yanayochemka aone kama chasoma 100. Asiye nacho asihuzunike. Chukua bakuli la maji baridi. Chota shira kwa ncha ya kijiko, tone dogo tu, uliangushe majini, kisha ulishike kwa vidole humo humo majini.

Likiyeyuka na kutawanyika, shira bado. Likikusanyika likawa kidonge laini, ambacho ukikitoa majini hubonyea na kulala juu ya kidole, hiyo ni nyuzi 112 hadi 116. Ipua mara moja. Kikiwa kidonge chenye kusimama bila kulala, imekaribia 120. Likilia "ka!" majini na kuvunjika, umepita labania. Kila ujaribupo, ondoa sufuria motoni, kwa sababu shira haikungoji wewe umalize kupima. Na kila mara tumia maji mapya na kijiko kisafi.

Labania ya maziwa ya ng'ombe

Vitu vyake ni hivi: sukari vikombe 2, maziwa mabichi kikombe 1, samli vijiko vikubwa 2, asali kijiko kikubwa 1, chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili, na iliki 6 zilizopondwa. Sufuria iwe nzito na yenye nafasi mara nne ya vitu vilivyomo, kwani maziwa yenye sukari hufura sana.

Kwanza, paka samli katika sinia ndogo, uiweke tayari. Shira ikiwa tayari, hapatakuwa na wakati wa kutafuta sinia.

Pili, tia sukari, maziwa, asali na chumvi katika sufuria, uweke juu ya moto mdogo. Koroga kwa mwiko mpaka usisikie mkwaruzo wa sukari chini. Haifai kuchemsha kabla sukari haijayeyuka yote, maana chembe moja iliyosalia itaita wenzake baadaye.

Tatu, ikianza kuchemka funika kwa dakika 2 au 3, ili mvuke uoshe chembe zilizoganda pembeni mwa sufuria. Kisha funua, upike kwa moto wa kiasi. Mwenye seredani apunguze makaa, asiyachochee. Maziwa hushika chini upesi, kwa hiyo pitisha mwiko polepole, kama mtu afagiaye, pasipo kupiga.

Nne, ikianza kuwa nzito, pima kwa kidonge. Ikifika, ipua, tia samli na iliki juu, wala usikoroge. Iache sufuria mahali pasipotikiswa.

Tano, ngoja mpaka kiganja kiweze kuvumilia kugusa upande wa nje wa sufuria chini. Hiyo ni nyuzi 45 au 50 hivi. Ni kungoja kwa muda mrefu, na wapishi wengi huharibu hapa. Haraka haraka haina baraka, na katika labania methali hii ni kanuni ya jiko.

Sita, sasa koroga kwa nguvu zako zote. Mwanzo itang'aa na kuvutika. Baada ya dakika 5 mpaka 10 hivi itazidi uzito, mng'aro utafifia, na rangi itageuka kuwa nyeupe kidogo. Hiyo ndiyo alama. Mimina sinia mara moja, usawazishe, na kabla haijawa baridi kabisa kata vipande kwa kisu kilichopakwa samli. Sinia moja hutoa vipande 36 hivi, sita kwa sita.

Ndimu isitiwe katika labania hii, kwa kuwa hukata maziwa.

Labania ya maziwa ya unga

Hii ni nyepesi zaidi kwa anayeanza, na yafaa mahali pasipo na ng'ombe. Chukua sukari vikombe 2, maji kikombe 1, maziwa ya unga vikombe 2, samli vijiko vikubwa 2, na iliki. Chekecha maziwa ya unga kwanza, yasiwe na madonge. Chemsha sukari na maji mpaka shira inate. Dondosha tone juu ya sahani, lipoe, ulibane kati ya vidole viwili na kuvitenganisha. Ukiona uzi mmoja usiokatika upesi, imefika. Ipua, ngoja uvumi wa mchemko utulie, tia samli, kisha maziwa ya unga kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka yashikane. Mimina sinia, bonyeza kwa mgongo wa kijiko, kata. Mwenye kutaka rangi atie tone moja ya rangi ya chakula. Rangi ya kutia nguo au ukili haifai kuliwa hata kidogo.

Kashata ya njugu, ya chumvi na pilipili

Si kila mtu apenda tamu tupu. Mnywaji kahawa barazani hufurahi apatapo kitu chenye chumvi na ukali kidogo, kikiwa na utamu kwa mbali. Nacho huliwa kidogo kidogo, kwa hiyo hakichoshi.

Chukua njugu nyasa vikombe 2, sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, chumvi kijiko kidogo 1 kilichosawazishwa, bizari nyembamba kijiko kidogo 1 iliyokaangwa na kusagwa, pilipili manga nusu kijiko kidogo, na pilipili kali kavu iliyosagwa kwa kadiri ya watakaokula. Kaanga njugu, zipepete maganda, zitwange kidogo tu zivunjike vipande viwili vitatu. Chemsha sukari, maji na chumvi mpaka kidonge kisimame, nyuzi 120 hivi. Tia viungo, kisha njugu zingali za moto, ukoroge upesi mpaka uone sukari yageuka nyeupe na kuzivaa njugu. Mimina juu ya jani la mgomba lililopakwa samli, bonyeza, kata papo hapo. Hapa chembe za sukari twazitaka, kwa hiyo asali na ndimu hazina kazi.

Chumvi katika sinia, hata ile ya tamu, si ya kuleta ukali tu. Chumvi kidogo hupunguza uchungu na kuinua ladha nyingine.

Neno moja kubwa juu ya njugu. Zichague moja moja. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, itupwe. Ukungu huo waweza kuacha sumu inayodhuru ini, na kukaanga hakuiondoi. Usiseme "itafichwa na pilipili." Ladha itafichwa, sumu itabaki.

Karafuu katika sinia

Sisi ndio wenye karafuu, na ni ajabu kwamba vitamutamu vyetu vingi vina iliki peke yake. Karafuu yafuatana vizuri na maziwa, na nazi, na njugu, lakini yataka mkono mwepesi. Nguvu yake hutoka katika mafuta yaliyomo ndani yake, ambayo sehemu kubwa ni kitu kiitwacho yujenoli. Ndicho chenye harufu ile, na ndicho kinachofisha ganzi ulimi ikizidi. Kwa sinia moja, karafuu 3 au 4 nzima zikichemshwa katika maziwa na kutolewa kabla ya kumimina zatosha. Ukisaga, kichwa na kijiti pamoja, chukua unga wa karafuu 2 tu.

Kuijua karafuu nzuri, itie katika glasi ya maji. Yenye mafuta yake kamili huzama, au husimama wima kichwa juu. Iliyokauka mafuta huelea imelala. Hiyo ya kulala haina la kuipa labania yako.

Wala asije mtu akatia mafuta ya karafuu au ya makonyo badala ya karafuu yenyewe kwa kufikiri ni njia fupi. Mafuta hayo ni makali mno, na vijiko vichache tu vidogo vyaweza kumdhuru mtoto mdogo vibaya sana, ini lake likaharibika. Chupa ya mafuta na ikae juu, imefungwa, mbali na mikono ya watoto, wala isikae katika kabati la viungo.

Hatari ya shira

Maji ya moto yakikumwagikia hutiririka yakaondoka. Shira hushika ngozi na kuendelea kuunguza, nayo ina joto kuliko maji. Kwa hiyo watoto wasicheze karibu na seredani siku ya kupika labania, na mpini wa sufuria usielekee njiani. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Pete na bangili zivuliwe mapema. Msipake samli, mafuta, dawa ya meno wala unga. Kisha funikeni kwa kitambaa safi, na kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, au liko usoni, mkononi au kwa mtoto mdogo, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Makosa na dawa yake

Ikiwa kama mchanga, ama uliikoroga ingali moto, ama sukari haikuyeyuka yote. Ikiwa haishikani, uliipua mapema. Ikiwa ngumu na kavu, umepitisha joto. Katika mambo yote matatu usiitupe. Irudishe sufuriani pamoja na maji vijiko vikubwa vitatu au vinne, yeyusha kwa moto mdogo mpaka mkwaruzo uishe, uipike upya mpaka kidonge laini. Iliyoungua tu ndiyo haina dawa, kwani uchungu hautoki.

Siku za masika hewa ina maji mengi, na sukari huyavuta. Labania iliyopikwa siku ya mvua hulegea upesi. Ikipoa kabisa, iweke katika kopo la kufunga sawasawa, kila tabaka na karatasi yake. Ya maziwa mabichi iliwe katika siku chache.

Hesabu ya sinia

Anayepika kwa kuuza na aandike. Sukari, maziwa, samli, viungo, makaa na karatasi, vyote viingie katika hesabu, hata nazi iliyotoka katika mnazi wako mwenyewe, kwa kuwa ungaliweza kuiuza. Kwa mfano, tuseme vyote vimekugharimu shilingi 7,200 na umepata vipande 36. Kila kipande kimekula shilingi 200 kabla jasho lako halijalipwa. Ukikiuza 200, umefanya kazi bure. Ukikiuza 300, na vipande 6 vikavunjika au kuliwa na watoto, umepata 9,000. Faida yako ni 1,800. Wengi hudhani wamepata faida kwa kuwa mfuko unalia, kumbe ni mtaji unaolia. Itenge fedha ya sukari ya kesho kwanza, kisha ndipo utumie iliyobaki.

Na kipande kiwe kidogo. Kidogo huuzika kwa bei inayofikika, na pia ni rehema kwa mlaji. Ugonjwa wa sukari si mgeni katika visiwa vyetu. Mwenye maradhi hayo asishawishiwe na muuzaji, wala asiambiwe kwamba ya chumvi haina sukari; inayo.

Ndugu wanachama, mkulima wa karafuu ajua kungoja. Hungoja mche miaka kadhaa kabla ya kuchuma, hungoja jua likaushe jamvi. Labania yataka kungoja huko huko, kwa nusu saa tu. Anzeni na sinia moja, pimeni kwa kidonge, subirini ipoe, kisha korogeni. Atakayepata namna iliyo bora na aje mkutanoni na sinia yake, wenziwe waonje na kujifunza.